Kupima barabara za mtaa kama zinafaa miguu na baiskeli: maswali tunaulizwa kila mara hapa Nairobi

Tangu tuanze kuzunguka Eastlands na fomu, tepu ya fundi na simu, hakuna siku tunamaliza barabara moja bila mtu kutusimamisha. Wengine wanadhani tumekuja kubomoa vibanda, wengine wanadhani lami inakuja kesho asubuhi. Haya ndiyo maswali yanarudi kila wakati, na majibu ni ya sisi majirani ambao tumepima, tukakosea, tukarudi tukapima tena.

Kwani mnapima nini haswa?

Tunapima kile mguu na tairi la baiskeli vinakutana nacho kutoka mlangoni kwako mpaka kwa steji, shule, soko ama kazini. Hiyo tu.

Lakini kuna viwango viwili na watu huvichanganya sana. Cha kwanza ni umbo la mtaa: watu wangapi wanaishi kwa kilomita moja mraba, makutano ya barabara ni mangapi, maduka na shule viko karibu na nyumba ama vimetupwa mbali. Mwaka 1997 Robert Cervero na Kara Kockelman kule Marekani waliandika kwamba mambo matatu yanachangia watu kuacha gari: wingi wa watu, mchanganyiko wa matumizi ya ardhi, na mpangilio wa barabara zenyewe, na mpaka leo watafiti wengi wanaanzia hapo. Kiwango cha pili ni vitu vidogo vidogo: pevimenti ipo ama haipo, mtaro umefunikwa ama uko wazi, zebra bado inaonekana ama rangi iliisha, kuna kivuli, kuna taa inayowaka, bodaboda wamepaki wapi.

Tofauti yake ni muhimu kwa sababu umbo la mtaa linabadilika kwa miaka mingi lakini slabu ya mtaro inaweza kuwekwa wiki moja.

Sasa ukichukua kile kiwango cha kwanza peke yake hapa kwetu utadanganyika vibaya. Enda Pipeline kule Embakasi: maghorofa yamebanana, chini kuna duka, kinyozi, kibanda cha chapati, nasari skuli, kila kitu unapata ndani ya dakika tano. Ukiweka hizo namba kwa kanuni ya kigeni, Pipeline inatoka na alama za juu kabisa kushinda mitaa mingi ya Ulaya. Halafu mvua inanyesha na mama aliyebeba mtoto anatembea akishika ukuta kwa sababu barabara yote imekuwa matope na maji taka. Hiyo ndiyo sababu sisi tunakazania kiwango cha pili.

Lakini watu wa Nairobi si wanatembea tu? Mbona mhangaike kupima?

Hili swali tunaulizwa kuliko yote na naomba ulisome jibu pole pole.

Ni kweli wanatembea. Saa kumi na moja alfajiri simama kwa njia yoyote inayoingia Industrial Area uone watu wanatoka Mukuru wakienda kazini, maelfu, kimya kimya, kwa miguu. Sasa mtu akiona hivyo anasema barabara ni sawa, si watu wanapita? Hapana. Hao wanatembea kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingekula chakula cha watoto. Wangetembea hata kama njia ingekuwa miiba.

Fomu nyingi za kupima zilitengenezwa kwa nchi ambazo mtu ana gari kwa geti na anaamua leo nitembee ama nisitembee, kwa hivyo huko ukiona watembeaji wengi unaeza kusema mazingira ni mazuri. Huku kwetu wingi wa watu hauonyeshi uzuri wa njia, unaonyesha tu ni watu wangapi wanaumizwa na ubaya wake. Zaidi ya theluthi moja ya wanaokufa barabarani Kenya ni watembea kwa miguu. Ndio maana sisi hatuishii kuhesabu watu, tunahesabu ni wangapi wamelazimika kushuka wakatembea ndani ya barabara na magari, na ni kitu gani kiliwashusha.

Kuna fomu iliyo tayari ama mlijitungia?

Zipo nyingi na usianze kutoka sufuri.

Kuna fomu za kuuliza watu na kuna fomu za kuangalia barabara. Ya kuuliza inayojulikana sana inaitwa NEWS, ilitoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, inamuuliza mkaazi maduka yako mbali kiasi gani, anaona usalama uko vipi, njia za miguu zikoje. Watafiti wa Afrika waliichukua wakaibadilisha ikawa NEWS-Africa, ikajaribiwa nchi saba: Kenya, Uganda, Nigeria, Ghana, Kamerun, Msumbiji na Afrika Kusini, na matokeo yakachapishwa 2016. Adewale Oyeyemi wa Nigeria ndiye aliyeongoza ile kazi na kwa upande wa Kenya alikuwepo Vincent Onywera. Kama utauliza watu maswali, tumia hiyo badala ya ile ya Marekani, kwa sababu mambo kama njia za udongo na wachuuzi wa kando ya barabara hayawezi kukosekana kwa fomu ya Afrika.

Ya kuangalia barabara maarufu ni MAPS, ambayo unatembea kipande kwa kipande ukijaza unachoona. Ile ndefu inachosha, ina maswali zaidi ya mia moja, lakini kuna fupi ya maswali 15 inayoitwa MAPS-Mini na kikundi cha majirani wanaeza kuimaliza bila mtu kukimbia. Waaustralia wa Perth nao walikuwa na yao, SPACES, tangu 2002, hiyo ilikuwa na baiskeli pia. Halafu kuna iRAP, mpango wa kimataifa wa kukagua usalama wa barabara, ambayo inapatia barabara nyota moja hadi tano kulingana na usalama, na inapatia watembea kwa miguu nyota zao, waendesha baiskeli zao, na wenye magari zao. Hapo ndipo unaona barabara moja iko na nyota nzuri kwa gari na nyota moja tu kwa mwenye miguu.

Sisi tulianza na MAPS-Mini tukaongeza maswali yetu. Fomu fupi haijui mtaro wazi ni nini.

Mliongeza maswali gani?

Mtaro: upo, umefunikwa, kina chake, na kama mtu akiteleza usiku anaangukia nini. Mifuniko ya manholi iliyoibiwa. Bodaboda: wanapita juu ya pevimenti ama wamepaki tu kwa pembe. Matatu: inashukisha abiria kwa steji ama katikati ya barabara. Takataka zilizomwagwa mpaka njia ikaisha. Vumbi kama ni marram. Mkokoteni unapita wapi. Geti la esteti lililofungwa likakata njia ya watu wa nyuma, hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, Eastlands kuna kona nyingi ambazo zamani ulikuwa unapitia ukitoka mbio dakika tatu, sahi wakaazi wameweka geti kwa ajili ya wezi na wewe unazunguka robo saa. Siwalaumu hao wakaazi, wezi walikuwepo kweli, lakini fomu lazima iandike.

Kipande kimoja cha barabara kinaanzia wapi?

Kutoka makutano mpaka makutano, basi. Kama ni kirefu kupita mita mia mbili hivi, kigawe. Kila kipande kipe namba na uichore kwa ramani kabla hujatoka nyumbani. OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaeza kuongezea, imechora mitaa yetu vizuri, Kibra imechorwa tangu 2009 na vijana wa Map Kibera wenyewe mpaka vichochoro, kwa hivyo usichore upya kitu ambacho kipo. Ukikuta kichochoro hakipo kwa ramani, kiongeze, ni bure.

Na usipime barabara unazopenda tu. Chagua shule moja, soko moja na steji moja, halafu upime njia zote watu wanatumia kufika hapo.

Upana wa pevimenti mnapimia wapi? Kwa mwanzo, kati ama mwisho?

Pale pembamba zaidi. Kila wakati pale pembamba zaidi.

Pevimenti inaeza kuwa ya kabro safi upana wa mita mbili na nusu, halafu katikati kuna nguzo ya stima, kando ya nguzo kuna bango la tangazo, na kilichobaki ni sentimita sitini. Mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji angalau sentimita tisini kupita, na viti viwili vikipishana ni kama mita 1.8. Kwa hivyo ile pevimenti kwa huyo mtu ni sentimita sitini, yaani haipo. Pima pia urefu wa ukingo pale inaposhuka barabarani, kwetu mara nyingi ni sentimita kumi na tano ama zaidi bila mteremko, na mteremko wenyewe ukiwepo usiwe mkali kupita 1 kwa 12, maana yake ukipanda sentimita kumi na tano unahitaji mita 1.8 ya urefu. Tumekutana na rampu zimesimama kama ngazi. Mwenye aliijenga hajawahi sukuma kiti cha magurudumu, naweza kukuhakikishia.

Spidi ya magari mnaipima aje bila mashine ya polisi?

Rahisi sana. Pima mita 100 kando ya barabara kwa tepu, weka alama mbili, nguzo ama chaki. Simama mahali unaona zote mbili bila kuonekana sana kwa sababu dereva akikuona na simu anapunguza. Gari ikipita alama ya kwanza unaanza stopwochi, ya pili unasimamisha. Halafu chukua 360 ugawanye kwa sekunde ulizopata, hiyo ndiyo spidi kwa kilomita kwa saa. Sekunde 12 ni 30. Sekunde 7.2 ni 50, ambayo ndiyo mwisho wa sheria mjini. Ukipata sekunde 5 hapo nje ya shule, hiyo ni 72 na unafaa kushtuka.

Usitumie mita 20 ama 30, kidole chako kikichelewa kidogo tu namba inaharibika. Na usipime wakati wa jam, pima wakati barabara iko wazi, saa nne asubuhi ama jioni baada ya msongamano kuisha, kwa sababu huo ndio wakati magari yanakimbia.

Kwa nini tunajisumbua na hili? Shirika la Afya Duniani linasema spidi ya wastani ikiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inaongezeka kama asilimia 4, na mtu kwa miguu akigongwa na gari la 65 badala ya 50 hatari yake ya kufa ni mara nne na nusu. Bampu moja ya kujengwa vizuri inaokoa mtu. Naandika hivi kwa sababu kwa mikutano ya mtaa kuna mtu husimama kila mara kusema bampu zinaharibu gari.

Na kuvuka barabara?

Tunasimama na stopwochi tena. Mtu mzima wa kawaida anatembea kama mita 1.2 kwa sekunde, kwa hivyo barabara ya mita 7 anaivuka sekunde sita. Shosho wa mita 0.8 kwa sekunde anahitaji karibu tisa. Sasa hesabu kwa dakika kumi ni mara ngapi magari yameacha nafasi ya sekunde tisa. Saa zingine jibu ni mara moja, saa zingine ni hakuna, na hapo unajua kwa nini watu wanavuka wakikimbia huku wameinua mkono.

Kwa barabara kubwa kama Thika Road, Outering ama Mombasa Road tunapima mzunguko. Chukua umbali wa mstari mnyoofu kutoka unapotoka mpaka unapoenda, halafu umbali halisi wa miguu, gawanya. Tuseme nyumba yako na steji zinatazamana, mita 60 tu, lakini kupitia daraja la juu unatembea mita 480. Hiyo ni mara nane, na kwa mwendo wa kawaida ni karibu dakika saba bila kuhesabu kupanda. Halafu mtu anasema watu wa Nairobi ni wakaidi hawatumii daraja. Mimi nasema ukaidi uanze kutafutwa kwa yule aliyeweka daraja mahali hakuna mtu anaenda.

Andika pia kama daraja lina taa na kama kuna mteremko wa kiti cha magurudumu, na uulize wanawake kama wanapita juu yake baada ya saa moja usiku. Majibu yao yanatofautiana sana na ya wanaume.

Baiskeli mnapima tofauti?

Ndio, na wengi husahau. Mtu wa miguu anaeza kuruka dimbwi, baiskeli haiwezi.

Njia nzuri ya kuanza ni ile ya viwango vinne vya presha ya trafiki, ilichapishwa 2012 na Mekuria, Furth na Nixon kule Marekani. Kiwango cha 1 ni barabara ambayo mtoto anaeza kuendesha bila mzazi kuogopa, cha 4 ni ile ya wale wachache wasioogopa kitu. Unaangalia spidi ya magari, leni ni ngapi, kama kuna njia ya baiskeli iliyotengwa, na kama kuna kitu kinaiziba. Kitu ninachopenda kwa hiyo kanuni ni kwamba njia yako yote inapewa alama ya mahali pake pabaya zaidi. Kilomita tatu tamu na raundabauti moja ya kutisha, hiyo njia ni ya kutisha.

Kwa Nairobi angalia pia mambo yetu. Ngong Road iko na njia za baiskeli kwa sehemu, na katikati ya jiji zilijengwa zingine kati ya 2020 na 2022 wakati wa NMS, ile ofisi ya serikali kuu iliyokuwa inaendesha huduma za jiji, lakini uandike zinaishia wapi, kwa sababu njia ya baiskeli ikiisha ghafla kwa nguzo ama kwa steji ya matatu inakutupa katikati ya magari ukiwa hujajitayarisha. Andika bodaboda wangapi wamepita humo kwa robo saa. Andika vinguzo vya kuzuia magari kama vimebanana mpaka baiskeli ya mizigo haipiti, ile black mamba ya mtu wa mkate na maziwa yenye kreti pande zote mbili, huyo ndiye mwendesha baiskeli wa kweli wa huu mji na hakuna mtu anayempangia. Ukipima upana pima ukimfikiria yeye. Njia ya upande mmoja ikiwa chini ya mita 1.5 atagusa kitu.

Na mwishowe, baiskeli ikifika inafungwa wapi? Soko lina mahali pa kufunga? Mara nyingi jibu ni mti.

Mnapima saa ngapi? Mchana inatosha?

Haitoshi. Angalau mara mbili, mchana na usiku, na ukiweza kiangazi na mvua.

Hapa giza linaingia kama saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na huo ndio wakati watu wanatoka kazini, kwa hivyo nusu ya safari ya kila mtu iko gizani. Usihesabu nguzo za taa, hesabu taa zinazowaka. Simama katikati ya taa mbili uone kama unaeza kutambua uso wa mtu aliye mita kumi mbele yako. Ukiwa chini ya mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti mrefu, mtaa wote unang'aa lakini ingia kichochoro kimoja kando yake, kivuli cha ghorofa kimeficha kila kitu.

Mvua pia. Mvua za masika ni Machi mpaka Mei, za vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Kuna vipande tulivipa alama nzuri Februari tukarudi Aprili tukakuta ni mto.

Jua nalo watu hulidharau. Tuko karibu kabisa na ikweta, saa sita mchana jua liko karibu na utosini na ukuta hautoi kivuli cha maana, ni matawi ya mti juu ya kichwa chako pekee yanasaidia. Kwa hivyo tunaangalia mti uko wapi na unafunika njia ama unafunika maua ya mtu ndani ya ua.

Wachuuzi wanahesabiwa kama kizuizi?

Hapa tulibishana sana ndani ya kikundi. Wengine walitaka kila kibanda kihesabiwe alama mbaya. Mimi nilikataa na bado nakataa. Mama mboga akiwa hapo mpaka saa tatu usiku na taa yake ndogo, hiyo njia ni salama zaidi kwa msichana anayetoka tuisheni kuliko njia tupu yenye kabro mpya. Akifunga akienda nyumbani watu wanaacha kupita hapo. Kwa hivyo tunaandika vitu viwili tofauti: upana uliobaki wa kupita, na kama kuna watu wanaoangalia barabara. Usimtie mchuuzi kwa safu moja na nguzo ya stima iliyowekwa vibaya. Na kama upana uliobaki ni mdogo, swali ni kwa nini barabara ilipewa mita saba za magari na watu wote wakaachiwa moja.

Luthuli Avenue ni mfano mzuri wa kutembelea. Ilifanyiwa kazi 2019, magari yakapunguziwa nafasi, watu wakaongezewa. Enda ukapime uone.

Si mtu anaeza tu kukaa nyumbani aangalie Google Street View?

Kwa barabara kubwa inasaidia, hasa kuhesabu zebra na upana wa leni. Lakini picha inaweza kuwa ya miaka kadhaa nyuma, haioni usiku, hainusi mtaro, na haiingii vichochoro ambavyo nusu ya mtaa unatumia. Sisi tunaitumia kujizoesha kabla ya kutoka, tunajaza fomu wote kwa picha moja halafu tunalinganisha.

Mkipima wawili mkapata majibu tofauti?

Itatokea na ni vizuri itokee mapema. Vipande vya kwanza pimeni wawili wawili bila kuonyeshana.

Usidanganywe na asilimia. Tuseme vipande 50, swali ni pevimenti ipo ama haipo. Wote wawili mmesema ipo kwa 25, wote mmesema haipo kwa 15, mmetofautiana 10. Hiyo ni kukubaliana asilimia 80, inaonekana poa. Lakini kila mmoja wenu amesema ipo mara 30, kwa hivyo hata mngejibu kwa kubahatisha mngekubaliana asilimia 52 hivi. Ukitoa hiyo bahati unabaki na namba inayoitwa kappa, hapa ni kama 0.58 (1 ni kukubaliana kabisa), ambayo ni wastani tu. Sisi tukipata chini ya 0.6 tunarudi kwa swali tunaliandika upya, kwa sababu mara nyingi kosa haliko kwa watu. Swali letu la kwanza lilikuwa "pevimenti iko katika hali nzuri?" na kila mtu alikuwa na nzuri yake. Tukabadilisha ikawa "kuna shimo ambalo kiatu kinaingia?" na mabishano yakaisha.

Alama mnajumlisha vipi?

Tunazo za jumla kwa sababu watu wa ofisi huziulizia, lakini hatuanzi nazo. Wastani unaficha. Njia ya kwenda shule yenye vipande tisa vizuri na kimoja ambacho mtoto anatembea kati ya lori na mtaro, wastani wake ni asilimia tisini, na huyo mtoto hatembei kwa wastani. Kwa hivyo kila njia tunaandika kwanza kipande chake kibaya zaidi na picha yake, halafu ndio jumla inafuata chini. Pia tunatenganisha majibu ya wanaume na wanawake, na ya wenye ulemavu, hatuyachanganyi.

Tunahitaji ruhusa? Na kupiga picha?

Barabara ni ya umma, lakini pitia kwa chifu na wazee wa nyumba kumi uwaambie mnachofanya, itawaokoa maswali mengi. Vaeni rifleksa. Watu wakiuliza, eleza, hata kama ni mara ya ishirini. Picha ziwe za barabara na si za watu, nyuso na namba za gari zifiche, kuna sheria ya kulinda data tangu 2019. Na usipige picha karibu na kituo cha polisi bila kuongea nao kwanza.

Gharama?

Kidogo. Tepu, chaki, simu. KoboToolbox, programu ya kujazia fomu kwa simu, ni bure kwa kikundi kidogo na inafanya kazi bila bando, unapakia ukifika kwa waifai. Watu wanne wanamaliza vipande thelathini hivi kwa Jumamosi moja kama hawapigi stori.

Mkimaliza mnapeleka wapi?

Kwanza ujue barabara ni ya nani, la sivyo utazungushwa. Zile kubwa kama Thika Road na Mombasa Road ni za KeNHA (mamlaka ya barabara kuu za kitaifa), nyingi kubwa za mjini ni za KURA (mamlaka ya barabara za mijini), na za ndani ya mtaa nyingi ni za kaunti. Tumewahi kubeba ripoti kwa ofisi moja miezi mitatu kabla tuambiwe barabara si yao.

Kwa kaunti mnayo silaha nzuri: Nairobi ina sera ya usafiri usio wa injini tangu 2015, na ndani yake kaunti iliahidi asilimia 20 ya bajeti yake ya barabara iende kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma. Waulize ni ngapi imeenda kwa wadi yenu. Muulize kwa maandishi, kwa sababu sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Kama mnaongelea ulemavu taja kifungu cha 54 cha katiba. Mnaeza pia kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Ripoti iwe kurasa mbili, ramani moja, picha tano za vipande vibaya zaidi, na kila picha iseme kinachotakiwa: slabu mita 14, taa mbili, bampu moja hapa. Ukiandika "boresha mazingira" hakuna fundi anajua aanzie wapi.

Na wakitengeneza kweli?

Rudini. Fomu ileile, vipande vilevile, saa ileile, mwezi uleule kama mnaeza. Sisi kuna mtaro tulioulilia sana mpaka ukafunikwa, tukafurahi, tukarudi na fomu tukiwa na uhakika alama itapanda, na ikapanda. Lakini tukisimama hapo kuhesabu tukaona watu bado wanatembea kwa barabara, wanapita kando ya slabu mpya kama hazipo. Tukamuuliza mama mmoja kwa nini. Akatuambia tukanyage. Tulipokanyaga slabu ilicheza ikataka kupinduka, na chini yake kulikuwa na maji. Sahi kwa fomu kuna swali hilo, linajibiwa kwa mguu: slabu inacheza ukiikanyaga?